Hotipoti Imerudi Nzito

Tulimwacha Hamida amekaa kwenye kigoda nyuma ya banda lake la chakula, pale Mabibo karibu na hosteli za wanachuo, hotipoti nyekundu mapajani, mkono wa kulia juu ya mfuniko, macho kayafumba. Mbele yake Badru wa bodaboda kasimama, kofia ya pikipiki kwapani, hataki kuondoka. Pembeni Zubeda, muuza chapati wa meza ya jirani, kaiacha chapati iungue ili asipitwe na jambo.

Kwa aliyekuwa safarini wiki jana, habari yenyewe ni hii. Miezi kumi na minne sasa, kila Jumanne na kila Ijumaa, Hamida anampikia Leodegar wa Kinyerezi na kumpelekea chakula kwa mkono wa Badru. Na kwa miezi yote kumi na minne hotipoti imekuwa ikirudi tupu. Hamida kwao ni Lindi, na huko kwao ukiletewa chakula, chombo cha mwenzio hukirudishi kitupu. Unatia japo embe mbili. Huna embe, unatia hata chumvi. Leodegar hakuwahi kutia hata chumvi.

Jumamosi hii Badru ameileta hotipoti asubuhi, na hotipoti ni nzito.

Najua mmeshabashiri. Kuna mmoja wa Temeke kaniapia kuwa humo ndani mna pete. Mwingine wa Kimara kasema ni barua ya kukataliwa iliyowekewa jiwe isipeperuke. Wote mmekosa, tena kwa mbali.

Hamida akafungua.

Yowe alilolipiga, wanachuo wa ghorofa ya nne walishuka na vitabu vyao wakidhani ni zoezi la moto.

Hotipoti imejaa wadudu. Wa kahawia, wanene, wanang'aa mafuta, wamepangana kama dagaa sokoni.

"Panzi," Zubeda alisema polepole, kama anayesoma ubao. "Shosti, mwanaume kakutumia panzi."

"Wazima au wamekufa?" Badru aliuliza, akirudi nyuma hatua moja.

"Wamekaangwa."

"Basi nafuu."

"Nafuu iko wapi hapo? Mie nimeshaona waliokataliwa kwa meseji, waliokataliwa kwa kuzimiwa simu. Wa kukataliwa kwa panzi ndiyo leo namwona. Hamida, usiwaguse, tuite mtu wa kusoma dua."

Hamida aliwatazama panzi. Miezi kumi na minne ya samaki wa kupaka, kisamvu na wali, na malipo yake ndiyo haya. Angelia pale pale, lakini aliyemwokoa alikuwa Audax, mwanachuo wa mwaka wa tatu, mrefu kama nguzo ya umeme, aliyekuja kunywa chai. Audax alisimama ghafla, akainua pua juu.

"Nani ana senene hapa?"

Hakungoja jibu. Alichota watatu, akawatia mdomoni, akafumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa na machozi.

"Dada Hamida, umewapata wapi?"

"Wewe unawajua hawa wadudu?"

"Wadudu? Dada, kwetu Muleba, kule Bukoba, hawa hatuwaiti wadudu. Hawa ni senene. Mtu anakesha kuwakamata, anawachambua mmoja mmoja, anawakaanga kwa subira. Hawapewi mtu ovyo. Ukiona umepewa hotipoti nzima, ujue wewe ni mkwe."

Zubeda aliiepua chapati, ambayo kwa sasa ilikuwa mkaa.

"Mkwe?" Hamida alisema. Sauti ilitoka ndogo, kama ya mtu anayeuliza bei ya kitu anachojua hakiwezi.

"Familia imekukubali. Na tazama walivyotolewa mabawa na miguu, hakuna hata kimoja kilichobaki. Hii siyo kazi ya kijana. Hii ni mikono ya mama mtu mzima. Naongeza wawili, samahani."

Basi. Neno moja la mwanachuo mwenye njaa likamnyanyua Hamida kutoka kwenye kigoda, na mtu aliyekuwa anaomboleza akawa bibi harusi. Habari ya kwamba mmoja anaswali Ijumaa na mwingine anasali Jumapili alishaiweka kiporo tangu mwaka jana. Ingepashwa moto wakati wake.

Sasa sikilizeni kosa alilolifanya.

Mwezi mzima Hamida alikuwa na mpango kichwani. Kinyerezi alishapata kibaraza cha kupikia, mbele ya duka la spea za pikipiki, hatua arobaini na mbili kutoka geti la Leodegar. Alizihesabu mwenyewe, kwenda na kurudi. Kilichomzuia ni banda la Mabibo. Banda lile watu wanalililia. Lina bati, lina kivuli, liko mdomoni mwa hosteli, na saa saba mchana foleni yake inazunguka kona. Majina ya nafasi hizo yako kwenye daftari la Mzee Shomari, mwenyekiti wa wauza chakula, na mtu akishafutwa jina lake anakwenda mkiani, nyuma ya watu arobaini wanaosubiri. Mzee Shomari hulifungua daftari hilo mara moja kwa mwezi, Jumamosi ya mwisho, saa kumi jioni.

Jumamosi yenyewe ni hii.

Hamida alifungua fundo la khanga, akatoa ufunguo wa kufuli.

"Zubeda, banda chukua. Nakuachia wewe, siyo mtu mwingine. Saa kumi mwambie Mzee Shomari aandike jina lako."

Zubeda aliutazama ufunguo. Tusimsingizie, alikuwa anautamani. Meza yake haina bati. Mvua ikinyesha anafunika unga kwa mwili wake.

"Hamida, nenda kwanza ukaonane naye."

"Nimengoja miezi kumi na minne, unaniambia kwanza?"

"Mie nasema tu."

"Pokea."

Mikono ya Zubeda ilikuwa na unga. Akaupokea ufunguo kwa upindo wa khanga, mbele ya Badru, mbele ya Audax aliyekuwa anatafuna, na mbele ya watu wa foleni ya chai. Mashahidi hawakupungua ishirini.

Saa nane Hamida alikuwa nyuma ya pikipiki ya Badru, kavaa baibui jipya, kapaka wanja, kakumbatia hotipoti nyekundu iliyojaa wali wa nazi na changu wa kupaka. Hotipoti imekuja na kitu, lazima irudi na kitu. Manukato aliyojipulizia yalikuwa mengi kiasi kwamba Badru alipiga chafya kutoka Mabibo hadi Tabata.

"Nikuulize kitu, bi mdogo," Badru alisema kwenye taa nyekundu. Badru ana wake wawili na wajukuu watano, hana haraka na jambo la mtu. "Huyu bwana mie nampelekea chakula mwaka na zaidi. Mbona hanenepi?"

"Wengine ndivyo walivyoumbwa."

"Chakula chako mie nikinusa tu mkanda unanibana. Yeye anapokea getini, anarudisha chombo, anasema asante, basi. Hata jana hakuwepo. Chombo alikipokea mama mmoja, na leo asubuhi yeye ndiye aliyenirudishia."

"Huyo ndiye mama mkwe," Hamida alisema, akajiweka sawa baibui. "Taa imewaka kijani."

Nyumba ya Kinyerezi ina geti la bluu. Uani, juu ya mkeka, alikaa mama mmoja wa makamo akimenya maharage mabichi. Mnene, kanawiri, mashavu yanang'aa kama kapakwa mafuta ya nazi. Na kweli alikuwa kapakwa, ila kwa ndani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu, karibu." Macho ya mama yakatua kwenye hotipoti, uso ukafunguka. "Waitu," alishangaa kwa lugha ya kwao, "kumbe ni wewe. Wewe ndiye wa hotelini."

"Wa wapi, mama?"

"Hotelini. Mie naitwa Kokuberwa, shangazi yake Leo. Jana yeye alikuwa Morogoro kikazi, chakula nikakipokea mwenyewe. Nikasema, hawa watu wa hotelini wananilisha mwaka mzima na mie sijawahi kusema asante. Nikakuwekea senene wangu niliotumiwa kutoka nyumbani. Umewala?"

Hamida alikaa chini bila kukaribishwa.

"Wewe ndiye unayekula, mama? Hiki chakula?"

"Nani mwingine? Nilikuja Dar nimekonda, nauguza mgongo, watu wakasema sitamaliza mwezi. Leo akaniambia, shangazi, usiwe na wasiwasi, kuna hoteli moja mjini wanapika vizuri, nitakuagizia kila Jumanne na Ijumaa. Tazama sasa." Bi Kokuberwa akainua mkono wake mnene, akautikisa ili Hamida aone. "Mlango wa bafuni siku hizi napita ubavu."

"Na yeye Leodegar anakula nini?"

"Leo? Ndizi zake na maharage. Leo hali nazi tangu mdogo. Akigusa nazi anawashwa mpaka ndani ya masikio."

Badru, aliyekuwa kaegemea geti, alikohoa, akageuka kuitazama barabara.

Mnakumbuka walikutana wapi? Kwenye harusi moja ya Temeke. Hamida anapakua, Leodegar kashika sahani. Leodegar akasema: "Dada, mikono yako ina baraka." Maneno matano na sahani ya pilau. Juu ya maneno hayo matano Hamida alijenga nyumba ya vyumba vitatu, yenye baraza na watoto wawili, wa kike na wa kiume, majina tayari. Na pilau ile, fikirini wenyewe, haikuwa na nazi.

Hapo hapo geti likalia. Akaingia Leodegar mwenyewe, begi la safari begani, vumbi la Morogoro viatuni. Akamwona shangazi. Akaona hotipoti. Akamwona Hamida na baibui jipya. Begi likateleza begani likaanguka lenyewe.

"Leo, njoo," Bi Kokuberwa aliita kwa furaha. "Mpishi wako kaja, na mbona kama anataka kulia?"

"Hamida," Leodegar alisema.

"Shangazi yako kaniambia naitwa hoteli."

Leodegar alikaa juu ya begi lake. Mwanaume huyu, ambaye katika ndoto za Hamida alikuwa na urefu wa kuridhisha na sauti nzito, alionekana mtu wa kawaida tu, karani wa ghala la saruji, kachoka na safari.

"Hamida, mie nilikwambia usijisumbue."

"Kila mtu anasema usijisumbue. Hata mie nikikaribishwa chai nasema usijisumbue, na naingoja."

"Nikakwambia sili nazi."

"Nikapunguza."

"Ulipunguza?" Badru aliuliza kutoka getini.

"Nilikuwa natia mbili. Nikaanza kutia moja na nusu."

"Na Pasaka ya mwaka jana," Leodegar aliendelea, sasa kwa upole, na upole huo ndio uliouma, "nilikuja Mabibo mwenyewe. Nikakwambia kwa mdomo wangu, Hamida, mie nakuona kama dada yangu, usinipikie tena. Nilisema, sikusema?"

Bi Kokuberwa aliacha kumenya.

Hamida alitamani aseme hakusema. Mwongo ni mtu mzuri sana wakati kama huo. Unamtukana, unamlaani ukoo wake, unakwenda zako na moyo mwepesi. Lakini Leodegar alikuwa amesema, siku ya Pasaka, saa nne, kavaa shati jeupe. Alilolikumbuka Hamida kwa miezi yote hiyo ni shati.

"Ulisema," alijibu. "Nikadhani umechoka na kazi."

"Ijumaa yake chakula kikaja tena. Nikasema nikirudishe, Badru atanionaje. Nikimwage, dhambi. Shangazi alikuwa anaumwa, hali kitu. Nikampa. Akala. Akauliza kimetoka wapi, nikaona aibu..."

"Ukaniambia umeniagizia," Bi Kokuberwa alimalizia. Uso uliokuwa unang'aa sasa ulikuwa umefunga kama duka la Ijumaa mchana. "Kwa hiyo mie kila nikisali namwombea mwanangu Leo aliyenilisha, kumbe sala zangu naandika jina la mtu mwingine. Mwaka mzima na zaidi. Mungu naye ananisikiliza tu."

"Shangazi..."

"Usiniite. Nenda kaoge, unanuka Morogoro."

Kisha mama yule akafanya jambo ambalo Hamida hakulitegemea. Akaivuta hotipoti nyekundu kwake, akaifunua, akanawa, akaanza kula changu pale pale, kwa vidole vitatu, taratibu, akimtazama Hamida usoni.

"Mwanangu," alisema baada ya tonge la tano, "chakula hiki siyo cha kumfuata mtu nacho. Chakula hiki wafuate watu. Una pa kupikia wewe?"

Hamida aligeukia geti.

"Badru, saa ngapi?"

"Saa tisa kasoro robo."

"Banda langu."

Hakuaga. Alichukua hotipoti nyekundu iliyobaki nusu, akamwachia Bi Kokuberwa mnofu mkononi, akarukia pikipiki kama mwizi wa sinema. Ile ya bluu, hotipoti yake ya pili, iliyokuja Jumanne, ilibaki jikoni kwa shangazi. Ikumbukeni hiyo ya bluu.

Kutoka Kinyerezi hadi Mabibo, kwa Badru, siyo safari ya kuogopa. Ila Jumamosi Dar ina jambo lake. Walipofika njia ya Tabata wakakuta msafara wa harusi. Magari kumi na mawili yenye riboni, mbele pikapu la matarumbeta, ngoma inadunda, barabara nzima inatambaa kwa mwendo wa konokono mwenye kilema.

"Pita pembeni," Hamida alisema.

"Pembeni kuna mtaro."

"Pita katikati."

Badru akapita katikati. Wapiga tarumbeta wakadhani ni mbwembwe za upande wa bwana harusi, wakawazunguka. Mpiga video akawaelekezea kamera. Shangazi mmoja wa bi harusi akamtupia Hamida kitambaa cha kupunga. Na Hamida, wanja umemshuka mpaka kidevuni, hotipoti kifuani, akapunga, maana bila kupunga wasingepishwa. Ndoa ile leo ukiangalia video yake, dakika ya kumi na saba, kuna mwanamke juu ya bodaboda analia kuliko mama wa bi harusi.

Walifika Mabibo saa kumi na dakika nane.

Mzee Shomari kakaa kwenye kiti cha plastiki, miwani puani, daftari magotini. Wauza chakula wamemzunguka. Kalamu ilishatua kwenye karatasi.

"Mzee Shomari, shikamoo, ngoja."

"Marahaba. Ningoje nini? Banda namba sita, anatoka Hamida, anaingia Zubeda. Umesema mwenyewe asubuhi, mbele ya watu, ufunguo umeutoa kwa mkono wako. Hapa hatuchezi kombolela."

"Nilikosea."

"Banda siyo langu kusema. Mwenye ufunguo ndiye mwenye neno." Mzee akamtazama Zubeda juu ya miwani. "Zubeda?"

Zubeda alisimama mbele ya banda namba sita. Alishalifagia. Alishahamisha jiko lake, limekaa chini ya bati, na kwa mara ya kwanza kwa miaka mitatu unga wake ulikuwa kivulini. Ufunguo ulikuwa shingoni, umefungwa kwa uzi mweusi. Hakuharakisha.

"Haya, mkwe wa Bukoba," alisema. "Mbona umerudi na hotipoti?"

Watu wakacheka. Hamida aliwaacha wacheke mpaka wakamaliza.

"Aliyekuwa anakula siyo yeye. Alikuwa anampa shangazi yake. Yeye hali nazi."

"Hali nazi," Zubeda alirudia. "Na kakutaka?"

"Hanitaki. Hakuwahi kunitaka. Aliniambia Pasaka."

"Pasaka? Na wewe Jumatano yake ukanituma nazi sokoni?"

"Nilikutuma."

"Nikakuletea nne."

"Nne."

Hapo hakucheka mtu. Sauti ya Hamida ilikuwa kavu, ya mtu anayesoma orodha ya vitu vilivyoungua. Baibui jipya lilikuwa na mchuzi. Zubeda alilitazama lile doa muda mrefu kidogo.

"Ufunguo nitakurudishia," alisema, "ila hapa, mbele ya Mzee Shomari, useme hotipoti haiendi tena Kinyerezi. Maana mie sitakubali kutolewa kivulini leo halafu Jumanne nione Badru anapita na changu."

Hamida alifungua mdomo. Mngedhani ni jambo jepesi. Kila Jumanne na Ijumaa, tangu alfajiri, alikuwa na mtu wa kumpikia. Mtu huyo hakuwepo, sawa, lakini alfajiri zilikuwepo, na zilikuwa nzuri. Alikuwa akikuna nazi huku akiimba. Jumanne hii ataamka na kumkunia nani?

"Haiendi," alisema.

"Sijasikia."

"Hotipoti haiendi tena Kinyerezi. Na nusu ya bati ni yako, Zubeda. Jiko lako libaki hapo hapo lilipo. Tutabanana."

Hilo Zubeda hakulitegemea. Akageuka upande, akajifanya anaondoa kitu jichoni, akasema ni moshi, na majiko yote mawili yalikuwa yamezimwa. Kisha akauvua ufunguo.

Mzee Shomari akaandika majina mawili kwenye mstari mmoja, jambo ambalo halijawahi kutokea katika daftari lile. Akalifunga.

Jumanne ikafika. Hamida aliamka saa kumi na moja alfajiri, na kabla akili haijaamka mikono ilishakuna nazi mbili. Akazitazama. Kisha akazimimina zote kwenye sufuria la maharage ya wanachuo. Siku hiyo foleni ilivuka barabara, na Audax alirudi mara tatu akiwa amebadilisha kofia.

Saa nane simu ikaita. Leodegar.

Nisiwadanganye, moyo uliruka. Moyo wa mtu siyo swichi.

"Hamida, vipi, naona leo chakula hakijaja."

"Kaka Leodegar," alisema. Kaka. Zubeda, aliyekuwa anasukuma chapati, alisimamisha mpini hewani. "Chakula kipo. Banda namba sita, foleni inaanzia kwenye nguzo."

"Siyo hivyo. Shangazi hasemi na mie. Hali. Na mie mwenyewe... sijui, nyumba imekuwa kimya. Nilizoea Badru kupiga honi."

"Mwambie Badru aje apige honi. Hiyo haina nazi."

Akakata. Halafu, bila kuombwa na mtu, akaibloku namba yake, akaiweka simu chini ya gunia la mchele, akaendelea kupakua. Hakuna sahani iliyomwagika.

Jumatano ikapita. Alhamisi ikapita. Ijumaa, saa saba na nusu, foleni imezunguka kona, pikipiki ikasimama.

Badru akashuka na hotipoti ya bluu.

Alikuja nayo kwa mikono miwili.

"Usiniulize," alisema. "Mie mjumbe. Ila ujue vitu viwili. Kwanza, aliyenipa siyo shangazi. Ni Leodegar mwenyewe, kaja mpaka kijiweni kwangu. Pili, kaiosha. Imesuguliwa mpaka chini."

"Nzito?"

"Nzito. Kasema uifungue ukiwa peke yako."

Zubeda aliiacha chapati iungue. Watu arobaini wa foleni walinyoosha shingo, hata waliokuwa hawajui hadithi. Hamida alifuta mikono kwenye aproni. Akaipokea. Akaweka kiganja juu ya mfuniko, pale pale kilipokuwa Jumamosi iliyopita, na kwa muda kidogo macho yakataka kufumba.

Hayakufumba. Akainama, akaisukuma hotipoti chini ya meza, kando ya ndoo ya maji machafu, akashika upawa.

"Nani anafuata?"

"Hamida, unaniua," Zubeda alinong'ona.

"Nimeuliza nani anafuata."

Aliyefuata alikuwa Audax. Alisogeza sahani, akafungua mdomo kuagiza, akaufunga. Wote walisikia. Kutoka chini ya meza, ndani ya hotipoti ya bluu, simu ilikuwa inaita, simu ambayo haijambloku mtu.

Ikaita, ikanyamaza. Ikaanza tena.

"Dada," Audax alisema kwa adabu, "hotipoti inapigiwa."

"Iache iite," Hamida alisema. "Wewe maharage au samaki?"